Setingi za Studio ya Ngamiani

Watu wengi wakisikia setingi za programu hufikiria rangi ya dirisha na ukubwa wa maandishi. Katika studio ya picha ya Ngamiani, Tanga, nilikojifunzia kazi, setingi zilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Vipimo vilikuwa kwa sentimita, si kwa inchi. Kitufe cha F5 kiliendesha mfuatano wa hatua uliorekodiwa, sisi tukiuita akshoni: kuikata picha ya paspoti kwa upana wa sentimita 3.5 na urefu wa 4.5, kuiweka kwenye pikseli 300 kwa kila inchi, kisha kupanga nakala nane kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6. Kompyuta iliyamaliza hayo mteja akiwa bado anavua koti la studio tulilomwazima.

Akshoni ya paspoti mtu angeweza kuirekodi upya kwa dakika chache. Kigumu kilikuwa rangi. Programu kubwa za kuhariri picha, Photoshop ikiwa mojawapo, zina amri ya kusahihisha mwanga na rangi zenyewe. Amri hiyo hutafuta sehemu nyeusi kupita zote na nyeupe kupita zote, kisha huvuta vivuli vya katikati vijaze nafasi iliyo baina yake. Nyuma yake kuna kidirisha ambacho wahariri wengi hawajawahi kukifungua. Humo unaiambia programu ni asilimia ngapi ya pikseli za ukingoni isizihesabu na rangi za katikati zilenge wapi, halafu unaagiza namba hizo ziwe za kuanzia siku zote.

Mzee mwenye studio alikuwa amezitafuta namba zake kwa miaka. Alipiga harusi za Tanga: shela jeupe, suti nyeusi au kanzu, na nyuso zenye weusi wa kila namna ndani ya fremu moja. Kwa namba za kiwandani shela liliungua likapoteza lesi yote, na nyuso zikapandishwa mwanga mpaka zikapauka, zikawa kijivu. Kwa namba za Mzee lesi ilionekana uzi kwa uzi, na mama wa bibi harusi alimtambua mwanawe.

Hakuwa akijitungia tatizo. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu katika nchi nyingi zilipimia rangi ya ngozi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi ya wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Mzee alianzia kwenye filamu, akaona picha za ndugu zake zikirudi kutoka kusafishwa na nyuso zisizo na macho wala tabasamu. Aliingia kwenye kompyuta akiwa na imani moja: kila namba ya kiwandani imetokana na uso wa mtu fulani, na aliyeko Ngamiani ana haki ya kuweka ya kwake. Kwa hiyo setingi zilipoanza kupotea, hakuliita tatizo la kompyuta. Alisema ameibiwa.

Ilianza mwaka 2011. Asubuhi moja programu yetu ilifunguka na sura ngeni: vidirisha vimehama, vipimo vimerudi kwenye inchi, F5 haiitikii. Tukapanga upya. Siku kadhaa zikapita salama, ikasahau tena. Kuna nyakati ilisahau kila kitu, na kuna nyakati ilikumbuka vizuri mambo ya mwezi uliopita ikasahau ya leo tu. Tofauti hiyo ilitosha kutuonyesha njia, lakini mtu aliyechoshwa na jambo huacha kulitazama. Anaona imesahau, anaishia hapo.

Pigo kubwa lilikuwa albamu ya harusi ya Chumbageni. Nusu ya picha ilisahihishwa asubuhi, nusu nyingine jioni, na kijana aliyekuwa kwenye kompyuta hakuwa na namna ya kujua kwamba kati ya saa hizo amri ileile ilikuwa imeanza kufanya kazi nyingine. Huu ndio ubaya wa setingi zinazopotea. Vidirisha vilivyohama unaviona na kuvirudisha mahali pake. Namba iliyobadilika nyuma ya kitufe huioni, na mkono unaendelea kukiamini. Ukurasa mmoja bibi harusi alikuwa mweusi wa kung'aa, kama Mungu alivyomuumba. Ukurasa wa pili alikuwa mtu mwingine. Shangazi yake aliiweka albamu juu ya kaunta, akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, huyu ni nani?" Picha zilichapwa upya kwa gharama ya studio, na Mzee alizipeleka mwenyewe hadi nyumbani kwao.

Baada ya hapo walikuja mafundi, kila mmoja na jibu lake. Wa kwanza alisema ni betri. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3, na kwa kuwa kazi yake ni kuisaidia kompyuta kukumbuka, akaibadilisha. Lakini betri ile hutunza saa na setingi za kuwashia mashine, zile zinazosomwa kabla Windows haijaanza. Ikifa, tarehe ndiyo inayorudi nyuma. Setingi za programu ya picha zinakaa kwenye diski na betri haizihusu kabisa. Fundi wa pili alisema ni virusi, akasafisha. Wa tatu aliiondoa programu akaiweka upya, na baada ya muda tukawa palepale. Hilo lilituvunja moyo, maana tuliamini kuweka upya ni kuanza moja. Sivyo. Programu nyingi zikiondolewa huacha nyuma folda ya mtumiaji pamoja na setingi zake, kwa nia njema ya kumtunzia, hivyo faili bovu huweza kumngoja mgeni palepale alipoondoka mwenyeji.

Siwalaumu mafundi wale. Walijibu tulichowauliza. Tuliwaambia, "Inasahau," nao wakatafuta kitu kinachosahaulisha. Hakuna kati yetu aliyeuliza inasahau lini.

Ilinibidi kwanza nielewe programu inakumbuka kwa njia gani. Haina kichwa. Ikifunguliwa husoma faili, na yaliyomo ndani ya faili hilo ndiyo tabia yake ya siku hiyo. Photoshop kwenye Windows huliweka ndani ya folda ya AppData ya mtumiaji, ambayo Windows huificha. Kwenye Mac linakaa ndani ya Library ya mtumiaji, nayo imefichwa tangu toleo la Lion la mwaka 2011. GIMP, ambayo ni ya bure, ina faili liitwalo gimprc, na hilo ni maandishi matupu: unalifungua na kusoma kwa macho yako alichochagua mtu. Nimelitumia kuwafundishia vijana wengi. Mtu akishaona kwamba kumbukumbu yote ya programu ni mistari ya maandishi iliyokaa mahali panapojulikana, hofu inamtoka, na bila hofu hiyo anaanza kufikiri.

Faili hilo likikosekana, au likiwa halisomeki, kwa kawaida programu haipigi kelele. Inatengeneza jipya lenye namba za kiwandani na kuendelea na kazi. Kumbe basi usahaulifu wote una vyanzo vichache tu. Faili halikuandikwa. Au liliandikwa likaharibika, au kuna aliyelifuta. Au programu inasoma faili jingine kabisa. Tangu siku nilipoelewa hivyo sijawahi tena kumwita fundi kabla sijajua ni lipi kati ya hayo.

Jibu la lini lilikuwa mapokezi. Dada wa mapokezi alikuwa na daftari la kaunta: jina la mteja, aina ya picha, malipo, saa ya kuchukua. Kwa kuwa umeme ndio uliokuwa ukimvunjia ahadi kwa wateja, alikuwa na desturi ya kuandika pembeni saa ulipokatika na saa uliporudi. Hakuna aliyemtuma. Jioni moja tuliketi naye, mimi nikiwa na tarehe za kusahau kadiri tulivyoweza kuzikumbuka, yeye akifunua kurasa. Mwaka ule ulikuwa wa mgao mkubwa. Maji yalipungua kwenye mabwawa na mitaa ikakaa gizani kwa zamu. Kila tarehe yangu ilikuwa na alama yake pembeni.

"Kaka, kompyuta mnaionea bure," alisema. "Ni umeme."

Lakini ukurasa uleule ulikuwa na pingamizi. Umeme ulikatika mara nyingi mno kuliko kompyuta ilivyosahau. Kama umeme ndio mwizi, mbona siku nyingine alipita na kuacha kila kitu mahali pake? Ningependa kila anayetafuta kosa kwenye mashine alipende swali la namna hii, maana ndilo linalotenganisha kujua na kukisia. Tungeridhika na jibu la dada, tungenunua jenereta na kuendelea kupoteza.

Nikafanya jaribio dogo. Nilibadilisha kitu kimoja tu, vipimo kutoka sentimita kwenda milimita, nikaifunga programu kwa utaratibu wake, nikaifungua. Milimita zilikuwapo. Nikabadilisha tena kwenda pikseli, na safari hii sikuifunga.

"Mzee, niruhusu nichomoe waya."

Alisita. Mtu aliyeishi na mashine za kununua kwa jasho hapendi kuona inazimwa hivyo. "Chomoa, mwanangu," akasema mwishowe. "Kwa kutojua tumepoteza zaidi."

Kompyuta iliporudi, vipimo vilikuwa milimita. Pikseli hazikuwa zimeandikwa popote.

Programu yetu haikuwa ikiandika setingi pale zinapobadilishwa. Ilizishika kwenye kumbukumbu ya muda mchana kutwa na kuziandika kwenye diski inapofungwa, sawa na mwenye duka anayeweka mikopo ya wateja kichwani na kuiandika daftarini jioni anapofunga mlango. Akitolewa dukani ghafla mchana, ya jana yamo daftarini, ya leo hayamo. Photoshop nayo ina utaratibu huo wa kuandika inapofungwa, na si siri. Maelezo yake yanasema wazi. Basi siku umeme ulipokatika na hatujagusa setingi tangu asubuhi, hapakuwa na cha kupotea. Siku Mzee alipozirekebisha namba zake saa nne na umeme ukakatika saa nane, tulirudishwa jana.

Ilibaki ile aina ya pili, ya kusahau kila kitu. Hiyo ilitoka kwenye UPS, kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta kwa muda mfupi umeme ukikatika. Betri zake zilikuwa zimechoka. Umeme ukikatika ilianza kulia, na kijana wa zamu akakimbilia kuifunga programu, kama alivyofundishwa. Mara nyingi aliwahi. Mara nyingine betri ilikata pumzi katikati, wakati hasa faili linaandikwa, likabaki nusu au tupu kabisa, baiti 0. Programu ilipofunguliwa tena ilikuta faili lisilosomeka, ikaanza na namba za kiwandani. Hivyo ndivyo albamu ya Chumbageni ilivyogawanyika mchana.

Dawa ya kwanza haikugharimu kitu. Ukibadilisha setingi yoyote unayoithamini, funga programu papo hapo, ifungue tena, ndipo uendelee na wateja. Kubonyeza kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime ni sawa na kuchomoa waya, na kuiua programu kwenye Task Manager hakuna tofauti. Vyote viwili tuliviacha isipokuwa imeganda kabisa. Betri mpya ya UPS ilinunuliwa baadaye, na kwa maoni yangu ilistahili kununuliwa kabla ya kamera nyingi tulizozitamani.

Tulipumzika kwa miezi. Halafu ikasahau tena, na daftari la dada halikuwa na alama yoyote pembeni.

Safari hii jambo lilikuwa na uchungu zaidi kwa sababu liliingia kwenye maneno ya watu. Mzee alisema setingi zipo, amezikuta asubuhi kama alivyoziacha. Vijana wa jioni walisema hazipo. Mzee akaanza kushuku kwamba kuna anayezichezea akiondoka, na kijana mmoja, mpole na mwenye jicho zuri la picha, alifikia hatua ya kusema afadhali arudi kwao Muheza kuliko kuitwa mharibifu. Nilikaa nyuma yao siku nzima nikitazama mikono badala ya skrini.

Mzee alifungua programu kwa alama iliyo kwenye skrini, akaandika neno la siri, akaanza kazi. Vijana hawakuwa na neno la siri. Wao walifungua folda ya picha, wakabonyeza picha mara mbili, programu ikafunguka yenyewe. Ilikuwa programu ileile moja, ikifunguliwa kwa milango miwili.

Fundi aliyeziandaa mashine alikuwa ameweka akaunti mbili za Windows, ya msimamizi na ya kawaida, ili mtu asiweke programu ovyo. Ni utaratibu mzuri na ningeufuata hata leo. Lakini ile alama ya kwenye skrini ilikuwa imewekwa iendeshe programu kwa ruhusa ya msimamizi. Mzee alipoandika neno la siri, programu ilifunguka kama mali ya akaunti ya msimamizi, ikasoma na kuandika setingi ndani ya folda ya akaunti hiyo. Kwa vijana ilifunguka kama mali ya akaunti ya kawaida. Kila akaunti ina AppData yake. Namba zote ambazo Mzee alizirekebisha asubuhi zilihifadhiwa salama mahali ambapo vijana hawawezi kufika. Kuna programu ya bure ya Microsoft iitwayo Process Monitor inayoonyesha kila faili linaloguswa na kila programu, na kwa hiyo niliwaonyesha wote: mafaili mawili yenye jina moja, katika folda za watumiaji wawili.

Hakuna aliyekuwa amedanganya. Mzee alimwita yule kijana ndani, mlango ukafungwa, na alipotoka hakuzungumzia tena Muheza. Nimeona baadaye, katika ofisi ambazo hazina uhusiano wowote na picha, watu wawili wakigombana kwa sababu kila mmoja anaona skrini tofauti, na mwenye cheo akaaminiwa. Ningeomba kabla ya kumnyooshea mtu kidole aulizwe ameingilia mlango gani.

Visa vingine vilikuwa vya haraka. Diski ya C ilijaa mafaili ya muda ya programu yenyewe, ikakosa hata nafasi ya kuandikia faili dogo la setingi. Kuna programu ya usafi iliyowekwa ili kuongeza kasi, nayo ikafagia folda ambayo haikuijua maana yake. Tukaweka toleo jipya la programu ya picha na kudhani limesahau, kumbe kila toleo kuu lilikuwa na folda yake, na setingi za zamani zilikuwa zimetulia kwenye folda ya toleo la zamani. Na mara moja Windows ilishindwa kufungua akaunti yetu ikatupa akaunti ya muda, ambayo kila ukifanyacho ndani yake hufutwa ukitoka. Dalili yake ni skrini kuwa tupu bila mafaili yako ya kawaida, na ujumbe unaosema umeingia kwa akaunti ya muda. Ukiuona, usifanye kazi. Zima, washa upya, na ikirudia tafuta msaada kabla hujaweka kitu chochote.

Kijana mmoja alipendekeza tulifunge lile faili la setingi, liwe la kusomwa tu. Inawezekana kabisa, na wapo wanaofanya hivyo: unaweka setingi nzuri, unalifunga, na kila programu ikifunguka inaanza palepale hata umeme ukatike vipi. Mzee alikataa. "Nikijifunza kitu Jumatatu," alisema, "Jumanne kompyuta ikikatae?"

Wakati ule nilidhani ni ukaidi wa utu uzima. Nilimwelewa nilipofundisha kwa muda katika maabara ya chuo ambako kila kompyuta ilirudishwa kwenye hali ileile kila ilipowashwa. Sababu ilikuwepo: wanafunzi wengi, flashi zenye virusi, mafundi wachache. Lakini niliona ilivyomfanya mwanafunzi. Alikaa mchana mzima akitafuta namba zinazoufaa uso wa bibi yake, kesho yake akakuta zimefutwa. Baada ya wiki chache aliacha kutafuta. Alibonyeza amri ya kiwandani na kupokea alichopewa, akaamini kwamba ndivyo picha zinavyokuwa. Kompyuta haikuharibika hata siku moja katika maabara ile, na wanafunzi walitoka bila mkono wao wenyewe. Niliwataka wote wabebe setingi zao kwenye flashi, wazipakie asubuhi na kuzitoa jioni, hata kama kufanya hivyo kulikula nusu saa ya kipindi.

Ngamiani tulitengeneza nakala. Folda nzima ya setingi ilinakiliwa pembeni, tarehe ikiwa kwenye jina lake, na nakala nyingine ikakaa kwenye flashi nyumbani kwa Mzee. Akshoni tulizihifadhi kama mafaili yanayojitegemea, yale yenye herufi za atn mwishoni katika Photoshop, maana akshoni iliyobaki ndani ya kidirisha tu inaweza kuondoka na setingi zikifutwa. Nawaonya sana watu hapa. Katika Photoshop ukishikilia Alt, Ctrl na Shift wakati inafunguka, itakuuliza kama ufute faili la setingi. Ni tiba halali ya programu iliyovurugika, na mafundi huifanya kwanza kabla ya kuuliza lolote. Ichelewesheni. Fungeni programu, tafuteni folda ya setingi, ibadilisheni jina badala ya kuifuta. Programu itaamini haipo na kujitengenezea nyingine, na kama tatizo halikuwa hapo, mnairudisha ya zamani na hakuna kilichopotea.

Kisha nikamwomba Mzee aniambie kila namba na sababu yake, nami niandike. Nilitegemea kazi ya jioni moja. Ilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu namba alikuwa nazo lakini sababu nyingi hajawahi kuzitamka. Kwa nini alizishusha pikseli zisizohesabiwa chini ya asilimia 0.1 ya kiwandani kwenye upande wa mwanga? Kwa sababu lesi ya shela ni sehemu ndogo ya picha, na programu ikiruhusiwa kuitupa itaitupa. Kwa nini rangi za katikati hazikulenga kijivu kitupu? Kwa sababu kuta za kumbi nyingi alizopigia picha zilipakwa rangi, na programu ikijaribu kuzifanya kijivu inauhamishia uso rangi isiyo yake. Namba mbili tatu alizitazama kwa muda, akakiri hakumbuki zilitoka wapi, akazijaribu mbele yangu kwenye picha za zamani, na moja akaiondoa. Daftari lile lina mwandiko wangu na maneno yake. Mashine zilibadilishwa, programu ikabadilika sura mara kadhaa, majina ya vidirisha yakahama, na namba zikaendelea kuhamishwa kwa kuwa zilijulikana zinatafuta nini.

Siku hizi kazi nyingi imehamia kwenye simu, na vijana huniambia tatizo hili limekwisha kwa sababu setingi zinapanda mtandaoni zenyewe. Sikubaliani nao. Kulandanisha mashine si kuweka akiba. Kosa likiingia kwenye kifaa kimoja, mtandao huweza kulifikisha kwenye vingine kwa uaminifu uleule, na ukifuta hapa, kule pia panafutika. Mtu anapobonyeza kufuta data ya programu ili simu iwe nyepesi, anafuta na alichokichagua. Folda yenye tarehe, kwenye diski ambayo haijaunganishwa na chochote, bado nadai kila mwanafunzi wangu awe nayo.

Linaloniumiza zaidi ni jingine. Wengi wao hawana setingi za kupoteza. Wananunua au kupakua mipangilio iliyotengenezwa na mtu wa mbali kwa ajili ya jua la kwao na ngozi ya kwao, wanaimwaga juu ya nyuso za Tanga, na nyuso zinapauka upya kama nilivyoziona kwenye ile albamu. Yupo mmoja, msichana anayepiga harusi za ufukweni Raskazone usiku, chini ya taa za rangi ambazo hata Mzee hakuwahi kuhangaika nazo. Ameanza kutafuta namba zake mwenyewe na zinapendeza. Nilimwomba anitumie nakala, na aniandikie kwa nini alishusha njano na kuiacha nyekundu. Nakala ameituma. Maelezo bado namdai, na nimemwambia sitaacha kumpigia simu mpaka aandike.